Nywele za kipilipili na nafsi ya mwanamke wa Dar es Salaam

Nywele za kipilipili huota zikiwa zimeshajikunja tangu ngozini. Tundu zinamotokea limepinda, na unywele mmoja ukikatwa na kutazamwa kwa darubini, umbo lake huonekana bapa. Kwa sababu hiyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki kirahisi hadi kwenye ncha, unywele hukauka, na kila unapojikunja pana uwezekano wa kukatika. Maumbile hayo yana faida zake. Mwaka 2023 mwanaanthropolojia Tina Lasisi na wenzake walichapisha katika jarida la PNAS matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa sanamu ya kupimia joto iliyovishwa mawigi ya aina mbalimbali. Wigi la nywele zilizojikunja sana lilikinga kichwa na joto la jua kuliko lile la mawimbi na lile la nywele zilizonyooka, na likapunguza jasho ambalo mwili ungelazimika kulitoa ili upoe. Katika mji wenye jua na unyevu wa bahari kama Dar es Salaam, basi, kipilipili kipo kwao.

Katika mji huohuo nywele hizo huitwa ngumu, za chuma, mbaya. Biashara kubwa ya Kariakoo imejengwa juu ya kuzinyoosha, kuzifunika au kuziongezea urefu. Mwanamke anayeamua kuziacha kama zilivyo huulizwa kama ameokoka, ameishiwa au amefiwa. Maswali hayo yanaonekana ya utani, lakini yakirudiwa miaka na miaka huingia ndani na kuwa sehemu ya namna mtu anavyojiona. Ndiyo maana suala la nywele linahusu afya ya akili kama linavyohusu urembo, na mizizi yake hapa nchini ni tofauti kidogo na ile inayosimuliwa katika vitabu vya Marekani.

Kabla ya Kariakoo kuwa soko, ardhi hii ilikuwa ya Wazaramo, na kwao kichwa cha mwanamke kilikuwa na heshima iliyochongwa katika mti. Mwana hiti ni sanamu ndogo aliyopewa mwali wakati amewekwa ndani. Haina mikono wala miguu, kiwiliwili chake ni kama gogo dogo, na sehemu iliyofanyiwa kazi kubwa ni kichwa: nywele zimeinuliwa kwa matuta mawili, moja kila upande, mfano wa mtindo wa wali wenyewe. Mwali aliitunza sanamu hiyo kama mtoto na kuipaka mafuta. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo na kuandika kuhusu mila zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, alionyesha jinsi mambo ya mwali yalivyofungamana na uzazi na mwendelezo wa ukoo. Msichana alifundishwa kuwa kichwa chake, kama kilivyo, kinabeba maana. Ni vigumu kupata leo katika maisha ya msichana wa Dar es Salaam somo linalolingana na hilo.

Pwani ilikuwa pia na kipimo kingine, na kipimo hicho ni cha zamani kuliko Mzungu. Sifa za uzuri katika miji ya Waswahili zililalia nywele ndefu za singa, yaani laini na zilizonyooka, zilizohusishwa na Uarabuni, Uajemi na Uhindi. Katika jamii iliyogawanywa kati ya waungwana na watumwa, kipilipili kilisomwa kama alama ya asili ya bara na ya utumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini hukumu juu ya nywele haikufutwa kwa sheria yoyote. Hata sasa mtoto aliyezaliwa na nywele laini husifiwa kwa kuwa na nywele za Kiarabu au za Kihindi, na sinema za Kihindi, zilizopendwa sana mjini kwa miongo mingi, zilizidi kuipa singa hadhi. Ukoloni wa Wajerumani na Waingereza uliongeza ngazi yake juu ya ngazi iliyokuwapo. Mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika ambako Kariakoo ilikua, ikichukua jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Anayetafuta chanzo cha aibu ya kipilipili kwa Mzungu peke yake atakuwa ameisoma nusu ya historia.

Baada ya Uhuru serikali na chama tawala, TANU, walijaribu kuirudisha heshima ya Mwafrika, na njia waliyoitumia inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kosa lake linarudiwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Zilizopigwa marufuku ni sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi na mawigi. Hoja ilikuwa ya utu: Mwafrika asijifanye mtu mwingine. Lakini utekelezaji uliangukia miili ya wanawake. Siku hizohizo za Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake mitaani, eneo la Kariakoo likiwemo, wakawazomea, wakawachania nguo na kuwashusha kwenye mabasi. Mabishano yalijaa magazetini, na wanawake waliandika wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa zima ulindwe kwenye vichwa na mapaja yao tu. Miaka hiyohiyo serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao na kujipaka ngeu, kwa hoja kwamba hayo yalikuwa ya kale mno. Mwanamke wa mjini alikatazwa kwa kuwa wa kisasa kupita kiasi, naye mfugaji wa Kimasai kwa kutokuwa wa kisasa vya kutosha. Wote wawili walipangiwa mwonekano na watu wengine.

Mlango wa biashara ulipofunguliwa katika miaka ya 1980, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa za nywele ziliingia kwa wingi. Kitana cha moto kilichopashwa kwenye jiko la mkaa kilipata wenzake: kalikiti iliyodondosha majimaji kwenye kola za nguo, kisha dawa ya kunyoosha kabisa, kisha rasta, yaani nywele bandia za kusukia, za kila rangi. Mtindo ulibadilika kila baada ya miaka michache. Ila chini yake palibaki wazo lilelile kwamba nywele kama zilivyoota ni malighafi tu, bado hazijawa nywele.

Wazo hilo linakuzwa zaidi ya popote pengine shuleni, na hapa ndipo Tanzania inapotofautiana sana na nchi ambako maandishi mengi kuhusu nywele za asili yametokea. Katika shule nyingi za serikali msichana hutakiwa kunyoa au kukata nywele ziwe fupi kabisa. Kwa mfumo uliodumu miongo mingi, elimu ya msingi ni miaka 7, kidato cha kwanza hadi cha nne miaka 4, na kidato cha tano na cha sita miaka 2. Anayeumaliza mfumo wote amekaa miaka 13 na kichwa kilichonyolewa, akifuga nywele kidogo wakati wa likizo ndefu na kuzikata tena kabla shule haijafunguliwa. Baadhi ya shule huruhusu kusuka mistari myepesi ya twende kilioni bila kuongeza kitu, na shule za binafsi zina taratibu zake. Lakini picha ya mwanafunzi wa kike wa Kitanzania, kwenye mabango na vitabuni, ni ya msichana mwenye upara mdogo na sare.

Sababu zinazotolewa si za kipuuzi na zinastahili kujibiwa. Nywele fupi huzuia chawa na mba pale maji yanapokuwa shida. Humpunguzia mzazi gharama ya msusi. Humpa mtoto muda wa kusoma, na hufuta tofauti kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Mzazi wa Manzese au Buguruni mwenye watoto wa kike wanne hana haja ya kuelezwa maana ya gharama hizo. Upande wa pili wa hesabu, hata hivyo, haujadiliwi sana. Umri wa kati ya miaka 7 na 18 ndio ambao binti huuzoea mwili wake na kujifunza kuutunza. Huoga, hupiga mswaki, hujifunza hedhi na usafi wake. Nywele peke yake ndizo asizofundishwa, kwa kuwa hana. Kusuka hujifunzia kwenye mizizi ya nyasi na ndevu za mahindi, au kichwani kwa mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za dhahabu zilizonyooka. Na pale mwenzake darasani mwenye nywele za singa anaporuhusiwa kuzifunga tu kwa nyuma, kwa maelezo kwamba za kwake ni laini na hazisumbui, somo linalobaki ni kwamba nywele zinazohitaji adhabu ya mkasi ni za aina moja tu.

Matokeo yake huonekana wiki chache baada ya mtihani wa mwisho. Binti wa miaka 17 au 18 ana nywele ambazo hajawahi kuishi nazo. Hajui zichanwe zikiwa zimelowa au zikiwa kavu, hajui zinasinyaa kiasi gani zikikauka, hajui urefu wake halisi. Anazichana kavu kwa kitana chenye meno ya karibu kuanzia mzizini, zinamuuma, zinakatika, na anathibitisha aliyoyasikia siku zote: kweli, nywele zangu ngumu. Hatua inayofuata ni dawa au rasta, mara nyingi vyote viwili. Mwanamke wa Chicago anayerudi kwenye nywele za asili huwa anarudia kitu alichokuwa nacho utotoni. Mwenzake wa Dar es Salaam mara nyingi hana pa kurudi, kwa hiyo anaanza upya ukubwani.

Nyumbani nako pana mchango wake. Kumchana mtoto ambaye bado hajaanza kunyolewa ni kazi ya mama, shangazi au dada mkubwa, na hufanyika asubuhi kwa haraka, kabla ya kuwahi daladala. Maumivu ya kitana na maneno yanayosemwa wakati huo huja pamoja: kichwa chako kigumu kama cha baba yako, ungechukua nywele za mama mdogo. Anayesema hana nia mbaya. Anarudia aliyoambiwa. Lakini saikolojia imeonyesha kwa muda mrefu kwamba watoto hupima thamani yao kwa vitu vinavyowazunguka kabla hawajaweza kueleza chochote. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa Marekani wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ushahidi huo ulitumika katika kesi iliyovunja ubaguzi wa shule nchini humo mwaka 1954. Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, ameeleza hadharani kwamba alikua akiamini uzuri ni ngozi nyeupe na nywele laini zilizonyooka. Novemba 2017, akiwa tayari ameshinda tuzo ya Oscar, jarida la Grazia la Uingereza lilimtoa kwenye jalada huku sehemu ya nywele zake ikiwa imefutwa na kingo zake kulainishwa. Alilalamika waziwazi, na mpiga picha akaomba radhi. Ikiwa mwanamke mwenye nafasi ile hufutwa nywele zake bila kuulizwa, ni rahisi kuelewa hofu ya binti anayeomba kazi ya mapokezi katika jengo la ofisi mtaa wa Samora.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2020 watafiti Christy Zhou Koval na Ashleigh Shelby Rosette walichapisha majaribio ambamo watu walitathmini waombaji kazi kwa picha na maelezo. Wanawake weusi wenye nywele za asili walionekana wenye weledi mdogo kuliko wanawake weusi walionyoosha na kuliko wanawake weupe, hasa katika kazi zinazodai mwonekano rasmi. Utafiti ulikuwa wa Marekani, ambako mwajiri mara nyingi ni mtu wa rangi nyingine. Dar es Salaam anayesema “nenda kaweke nywele vizuri” kwa kawaida ni Mwafrika mwenye kipilipili chake mwenyewe, na hilo lina uzito wake kwa nafsi: dharau ya mgeni mtu anaweza kuibatiza jina na kuikataa, lakini hukumu ya shangazi, bosi wa kike na kamati ya harusi inakuja ikiwa imevaa mapenzi. Bibi harusi ndiye anayeijua vizuri. Kwa ajili ya send-off na ndoa anaweza kuchagua gauni, ukumbi na rangi za kamati, lakini akisema atatoka na nywele zake mwenyewe kikao kizima kitamgeukia.

Kariakoo ndiko mambo yote haya yanakokutana na fedha. Katika mitaa ya Kongo, Aggrey, Msimbazi na inayoizunguka, maduka ya jumla yamepanga rasta kwa namba za rangi, mawigi juu ya vichwa vya plastiki, makopo ya dawa, jeli na mafuta. Mzigo unatoka mbali: mawigi kutoka China, ambako mji wa Xuchang ni kitovu cha kazi hiyo duniani, nywele halisi za binadamu, ambazo sehemu yake hutoka kwa mahujaji wanaonyolewa kwenye mahekalu ya Kusini mwa India, na rasta za viwanda vya Afrika Mashariki kwenyewe. Wachuuzi wa mikoani hununua kwa katoni na kuzisambaza hadi Kigoma na Songea. Moto ulioliunguza jengo la soko kuu Julai 2021 haukuisimamisha biashara hiyo, kwa kuwa uhai wake uko mitaani.

Huko mitaani ndiko aliko msusi. Anakaa kwenye ndoo au kiti kirefu, mteja chini yake kwenye stuli, na mara nyingi wasusi watatu wanakifanyia kazi kichwa kimoja ili mteja awahi gari. Mmoja hugawa kichwa kwa mkia wa kitana na kupaka jeli kwenye mstari, mwingine huchambua bunda la rasta na kulivuta ncha zisilingane, wa tatu tayari anasuka upande wa kisogoni. Mwishoni ncha huchovywa kwenye maji ya moto ili zitulie, au huchomwa kwa kiberiti cha gesi. Wapo pia vijana wa Kimasai, ambao usiku ni walinzi na mchana ni wasusi wanaosifika kwa kusokota misokoto myembamba. Katika mila yao morani hufuga nywele ndefu, huzisuka na kuzipaka ngeu, kisha hunyolewa na mama yake katika sherehe ya eunoto. Ujuzi uliokuwa wa marika ya wapiganaji umehamia kwenye vichwa vya wanawake wa mjini, na umekuwa ajira. Ni moja ya mambo mazuri kabisa ambayo Kariakoo imeyafanya.

Lakini kwenye stuli hiyohiyo mwanamke huambiwa, “Dada, nywele zako ngumu, ungeweka dawa kwanza,” au hutozwa zaidi. Msusi ana sababu zake, kwani analipwa kwa kichwa na wala si kwa saa, na nywele zilizonyooshwa humpunguzia kazi. Bei ya soko, bila mtu yeyote kukusudia, imekigeuza kipilipili kuwa kosa lenye faini. Serikali nayo iliingia. Juni 2019 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Wapo waliofurahi wakisema sasa wanawake watarudi kwenye nywele zao. Kwa mwanamke mwenye kipato kidogo, ambaye rasta za kukaa miezi miwili ndiyo njia yake nafuu ya kuwa nadhifu kila asubuhi, ulikuwa ni mzigo mwingine.

Gharama nyingine hulipwa na mwili. Dawa ya kunyoosha hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na aina kali huwa na hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ileile ya kutengenezea sabuni. Ikikaa zaidi ya dakika zake, au ikipakwa juu ya ngozi iliyokunwa, huunguza. Wanawake wengi wa Dar es Salaam wanaijua hali ya kuvumilia moto kichwani kwa kuwa bado haijashika. Oktoba 2022 taasisi za afya za Marekani zilitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyooshea zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walikuwa na hatari ya saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Makadirio ya kuipata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Hatari bado ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano bila kuthibitisha chanzo, lakini haufai kupuuzwa. Huku rasta nzito zilizovutwa mno hula nywele za mbele polepole. Paji hurudi nyuma, mwanamke huongeza rasta au wigi ili kulificha, na kinachoficha kinazidi kuharibu. Kwa afya ya akili huo ndio mzunguko mbaya kuliko yote, kwani aibu iliyoanza bila sababu sasa imepata sababu.

Imani pia ina neno, na katika mji wenye Waislamu wengi neno hilo lina nguvu. Hadithi za Mtume zinakataza kuunga nywele, na josho la wajibu linataka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa. Kwa hiyo wapo wanawake wa Kariakoo, Ilala na Magomeni ambao hawajawahi kuvaa wigi na waliobaki na nywele zao chini ya hijabu miaka yote, wakizitunza kwa mafuta ya nazi na hina. Hijabu haimwondolei mwanamke hukumu za nyumbani, lakini inampa kitu ambacho wengi hawana: mahali ambapo nywele zake si mali ya macho ya barabarani.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 kundi la wanawake wanaofuga nywele za asili limekua mjini. Wamefundishana kwa simu namna ya kuchana nywele zikiwa zimelowa, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda mzizini. Wamerudisha mafuta ya nyonyo, nazi na mshubiri. Wengine wamefungua saluni na viwanda vidogo. Faida yake kubwa kwa nafsi ni maarifa. Mtu anayeijua tabia ya nywele zake haziogopi tena. Ujasiri wa hadharani ulikuwa umetangulia kidogo: mwaka 2007, kwenye mashindano ya Miss Universe mjini Mexico City, Flaviana Matata, mshiriki wa kwanza wa Tanzania, alipanda jukwaani akiwa amenyoa kichwa na akaingia kumi bora. Kichwa kilekile kinachoonekana cha kawaida kwa mwanafunzi wa darasa la tano kilikuwa habari kubwa kwa mrembo, kwa sababu safari hii alikuwa amejichagulia mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala zima. Utulivu wa nafsi haukai kwenye mtindo. Mwanamke mwenye afro anaweza kuwa na wasiwasi kila anapopita kwenye kioo, na mwenye wigi anaweza kuwa na amani, ilimradi akilivua usiku anakutana na kichwa asichokichukia. Harakati za nywele za asili zinapoanza kumhukumu mwenye dawa kuwa amepotea, mtumwa wa Wazungu, zinarudia Operesheni Vijana kwa sauti laini. Tena zinasahau kwamba nywele za asili zinataka muda na maji, vitu ambavyo mama lishe anayeamka saa kumi usiku hanavyo. Kipimo cha haki zaidi ni kuuliza nani aliyeamua, na je, aliyeamua alikuwa na njia nyingine anayoijua.

Msaada unaweza kuanzia kwenye stuli. Saa nne au tano mikononi mwa wasusi huzaa mazungumzo ambayo hospitalini hayapatikani: ndoa, madeni, mimba iliyoharibika, mtoto aliyefeli. Nchini Marekani mwanasaikolojia Afiya Mbilishaka amejenga juu ya jambo hilo mpango wa kuwafundisha watengeneza nywele kusikiliza na kuelekeza. Taasisi ya Bluemind imefanya hivyo nchini Togo, Kamerun na Ivory Coast, ambako wasusi hufunzwa kutambua dalili za sonona na kumpeleka mteja kwa wataalamu. Wasusi wa Kariakoo tayari wana sikio. Wanachokosa ni mafunzo mafupi na mlango wa kumpeleka mtu, na huduma za afya ya akili za Muhimbili na hospitali za manispaa zingeweza kuwa mlango huo.

Lakini kazi kubwa iko shuleni. Kwingineko Afrika mabadiliko yamekuja kwa mapambano. Agosti 2016 wasichana wa Pretoria High School for Girls, Afrika Kusini, waliandamana dhidi ya kanuni za nywele na uchunguzi ukafunguliwa. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanafunzi wa kike wa imani ya Rastafari asifukuzwe kwa sababu ya dredi zake, na Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi ilitoa uamuzi kama huo. Hukumu hizo mbili zilisimama juu ya uhuru wa dini, kwa hiyo binti asiye Rasta hazimfai kitu. Tanzania haihitaji kungoja kesi. Shule zinazoruhusu mistari ya kawaida, isiyoongezwa kitu, zimeshaonyesha kuwa mabinti wanaweza kusoma na nywele zao kichwani. Bodi za shule na wizara ya elimu waruhusu mistari hiyo kwa kila msichana anayeitaka, anayetaka kunyoa anyoe, na kanuni iwe moja kwa mwenye kipilipili na mwenye singa.